Umekatika au Umekatwa

Fundi Mkuu alisikika kabla hajaonekana. Mfukoni mwa koti lake la kaki alibeba fyuzi za kaure, nne au tano, na kila hatua aliyopiga ziligongana zikalia kama meno ya mtu mwenye homa. Sisi tuliokuwa ofisini, upande wa pili wa ukuta wa mabati, tulipousikia mlio ule tulinyoosha migongo. Wapagazi wa ghala walipunguza vicheko. Kisha ndipo angetokea mlangoni, mrefu, kofia imekaa sawasawa kichwani, akiangalia kwanza sakafu, halafu reli za winchi juu, na mwisho kabisa nyuso za watu.

Nikiukumbuka mlio ule leo, roho hunichafuka. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka mitatu nilimheshimu kuliko mtu yeyote katika Tabora, na nadhani kinyaa changu kisingekuwa kikali kiasi hiki kama hakikutoka ndani ya heshima ile.

Nilikuwa karani mpiga chapa katika yadi ya mizigo ya stesheni. Shirika lilikuwa limeletewa winchi ya umeme ya kuinulia marobota ya pamba, inayotembea juu ya reli mbili chini ya paa, pamoja na matoroli mawili ya betri, kila moja zito kama kifaru. Kwa muda mrefu mitambo ile ilitengenezwa chini ya turubai, kwenye vumbi, na mtu yeyote mwenye spana. Ndipo Fundi Mkuu akakabidhiwa ghala kuukuu lililokuwa tupu, akaambiwa aligeuze kuwa karakana. Mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam angekuja kuifungua.

Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma ya ghala lile lile. Wapagazi wa yadi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa na utani wao juu ya jambo hilo. Walisema babu zao walibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa mabega matupu, wao wamebahatika, mabega yao yamefungiwa umeme.

Sijaona mtu aliyeandaa mahali pa kazi kama alivyoandaa yeye. Alianza kwa kufagia, siku nne nzima, na hakuruhusu hata nyundo moja iingie mpaka paa liache kuvuja. Alichora mstari mwekundu sakafuni kuonyesha mwisho wa kusimama winchi inapotembea. Mbele ya ubao wa swichi alitandika mpira uliokatwa kutoka kwenye matairi ya malori, ili mtu asikanyage sementi akiwa ameshika umeme. Betri alizitengea chumba cha peke yake, chenye madirisha pande mbili, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa hewa isiyoonekana ambayo kazi yake ni kungoja cheche. Kwenye chumba hicho alipiga marufuku sigara, na alipiga marufuku pia viatu vyenye misumari. Ukutani alitundika fimbo ndefu ya mninga mkavu yenye kulabu ya mbao, ya kumvutia mtu aliyeng'ang'aniwa na umeme.

Siku moja alirudi kutoka sokoni na magunia mawili ya magadi, yale yale ambayo akina mama hutia kwenye mlenda. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema Fundi anataka kupika maharage ya betri. Aliyachanganya na maji kwenye pipa, akaliweka mlangoni mwa chumba cha betri. Haukupita mwezi, asidi ikammwagikia kibarua mmoja gotini. Fundi alimshika ukosi, akamtumbukiza mguu mzima pipani, povu likapanda likachemka kama sufuria iliyosahauliwa. Mguu ukapona. Suruali ndiyo iliyokwenda.

Glovu za mpira alizipima kila asubuhi. Alizipuliza kama anayepuliza kibofu, akazibana kifundoni, kisha akazisogeza taratibu shavuni pake asikie kama kuna hewa inayotoka. Glovu yenye tundu dogo kama la sindano aliikatakata kwa kisu palepale, ili asije mtu mwingine akaionea huruma. Alikuwa na maneno yake ambayo niliyapiga chapa kwenye makaratasi ya kubandika ukutani. "Umeme siuogopi. Namwogopa mtu anayedhani ameuzima." Hilo lilikaa juu ya meza yangu.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya lugha. Mtambo wa dizeli wa mji ulikuwa mzee na mgonjwa, na umeme wa Tabora ulikwenda na kurudi upendavyo. Mtu akisikia winchi imenyamaza alisema, kama tunavyosema sote, umeme umekatika. Fundi Mkuu alilichukia neno hilo likitamkwa na mtu anayetaka kupanda juu. Umekatika, alieleza, maana yake umeondoka wenyewe, na kilichoondoka chenyewe kitarudi chenyewe, pengine mkono wako ukiwa bado ndani ya magurudumu. Umekatwa ni habari nyingine. Umekatwa una mwenyewe. Kuna mtu amevuta swichi, amechomoa fyuzi, na fyuzi hizo anampa yule anayepanda azitie mfukoni mwake, apande nazo, ashuke nazo. Kabla ya mguu kugusa ngazi, kila mtu alipaswa kuuliza kwa sauti, umekatika au umekatwa, na nani. Asiyeuliza hakupanda.

Wapagazi walisema tumeletewa mwalimu wa sarufi badala ya fundi. Hata hivyo swali liliwaingia, wakaanza kulitembeza kila mahali. Chai ilipomwagika waliuliza, imemwagika au imemwagwa. Mmoja aliyekuta mkewe amehamia kwa wazazi wake Igalula aliulizwa mchana kutwa kama mke ameondoka au ameondolewa. Yadi nzima ilikuwa ikicheka kwa vitenzi.

Aliyelipenda swali kuliko wote alikuwa Masanja. Alikuwa kijana wa kutoka upande wa Bukene, fundi msaidizi, mwenye miguu mirefu, na hakuna aliyepanda kwenye reli za winchi kama yeye. Asubuhi alimsalimu Fundi shikamoo, kama inavyotakiwa, kisha akaongeza mwangaluka ya kwao, na hakuondoka mpaka yule mzee wa mjini, mwenye Kiswahili cha kunyooshwa kwa pasi, aitikie mwangaluka kwa ulimi uliokwama. Nilidhani Fundi anampenda. Alimfundisha mambo ambayo hakuwafundisha wengine, pamoja na kusikia kwa kiganja kama gurudumu limekauka grisi.

Nimesema mazuri yake na sitayapunguza. Sasa niseme mengine.

Alikuwa akiwaita vibarua mikono. Hakusema nileteeni watu wawili. Alisema, "Nileteeni mikono minne," na hakukumbuka majina yao hata baada ya miaka. Alitafuna tumbaku, na mate yake aliyatema kwenye kopo la maziwa lililokaa kwenye kona ya meza yangu, kwa kuwa sakafu ya karakana haikupaswa kuchafuliwa. Kopo lilipojaa ni mimi niliyelimwaga. Alichokonoa masikio kwa kipande cha waya, akakitazama, akakipangusa kwenye karatasi zangu safi. Haya ni madogo, na mtu aweza kuniambia kwamba nayakumbuka kwa sababu ya yaliyofuata. Huenda. Kopo lilikuwa linanuka hata hivyo.

Baya zaidi lilikuwa jinsi alivyobadilika mbele ya wakubwa. Meneja wetu alikuwa mtu mwenye umri wa kuwa mwanawe, mwenye suti ya Kaunda na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Akiingia, Fundi Mkuu alipungua. Sijui niliseme namna gani nyingine. Mabega yalishuka, sauti ikawa nyembamba, akapangusa kiti kwa leso yake mwenyewe, akacheka kabla mzaha haujafika mwisho. Mtu aliyekuwa akishika waya wenye umeme bila kupepesa, nilimwona akitetemeka kwa sababu Meneja ameuliza kwa nini rangi ya mlango ni ya kijani kibichi namna ile.

Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, na mpagazi mmoja aliyekuwa mbele yetu akauliza kwa sauti ya darasani, "Jamani, sukari imeadimika au imeadimishwa? Na nani?" Watu waliangua kicheko. Niligeuka nimwone Fundi akifurahia kazi ya mikono yake. Alikuwa ametoka kwenye foleni. Alivuka barabara akiwa ameinamisha kofia, akaenda zake bila sukari. Kesho yake alitukusanya akatuambia swali lile ni la winchi tu, na atakayelitumia nje ya karakana asimtaje yeye. Nilicheka siku hiyo. Nilipaswa kuogopa.

Wiki ya ufunguzi Meneja alihamia karakanani. Alitaka kila kitu king'ae. Aliagiza fyuzi zote zikae kwenye nafasi zake katika sanduku la ukutani, zisichomolewe tena na mtu yeyote, maana mgeni akikuta nafasi tupu atadhani tumeibiwa. Akalifunga sanduku kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake. Fundi Mkuu alitoa fyuzi za mfukoni moja baada ya nyingine, akazikabidhi. Siku zile alitembea kimya, na mara kadhaa nilishtuka kumkuta amesimama nyuma yangu.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, baada ya chakula cha mchana, walifanya majaribio. Bendera ilifungwa kwenye kulabu ya winchi, na Meneja akashika mwenyewe usukani wa kuiendesha, kwa sababu alitaka kuonyesha mbele ya mgeni kwamba kiongozi anajua kazi. Winchi ilikwenda na kurudi. Gurudumu moja lilikuwa linalia, mlio mbaya, kama kisu juu ya sahani. Katikati ya safari umeme wa mji ukaondoka. Winchi ikasimama. Meneja akauacha usukani vilevile, umesukumwa mbele, akaja akilalamika kuhusu ule mlio. Alimwambia Masanja apande haraka akatie grisi kabla umeme haujarudi.

Masanja alichukua kopo la grisi. Alipofika chini ya ngazi alinyoosha kiganja kwa Fundi Mkuu apewe fyuzi, kama siku zote, na kiganja kikabaki kitupu hewani. Akacheka kidogo, kama mtu aliyesahau. Kisha akauliza.

"Umekatika au umekatwa, Fundi?"

Meza yangu ilikuwa kwenye mlango wa ofisi, hatua sita kutoka walipokuwa. Meneja alimtazama Fundi Mkuu. Alimtazama tu, na akaangalia saa yake. Sanduku lilikuwa na kufuli, fyuzi zilikuwa ndani, swichi ilikuwa juu, haijavutwa, na hakuna mtu katika Tabora nzima aliyeyajua hayo vizuri kuliko yule mzee.

"Umekatwa," akasema. "Panda."

Masanja akapanda. Alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani, mpaka kwenye kiwiko, umeme uliporudi.

Sitaeleza nilichokiona. Nilichosikia ni kwamba gurudumu halikulia tena, kwa kuwa lilikuwa limeshapata grisi. Walivunja kufuli kwa nyundo. Fimbo ya mninga haikugusa mtu. Masanja alipelekwa hospitali juu ya toroli la betri, na mkono wake haukurudi naye.

Nilidhani ufunguzi utaahirishwa. Jioni ile Fundi Mkuu mwenyewe aliosha sakafu, kwa maji ya magadi, kwa sababu magadi hutoa damu kwenye sementi. Alikwangua kwa ufagio wa chelewa mpaka mstari mwekundu ukaanza kufifia, naye akauchora upya. Asubuhi mgeni alikata utepe. Ngoma zilipigwa. Meneja hakugusa usukani. Kisha Fundi Mkuu aliitwa asome sheria za usalama, akazisoma zote kwa sauti nzuri, bila kukosea, na alipofika kwenye sheria ya swali mgeni alifurahi, akataka lirudiwe. Likarudiwa. Watu wakapiga makofi. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya karakana, kwenye nyasi za njia ya misafara, na mpagazi mmoja aliyeniona aliniambia pole dada, ni jua.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuwa na kosa, na ilikwisha kuamuliwa ni nani. Kikao cha uchunguzi kilikaa Masanja akiwa bado kitandani. Katibu wa tawi la chama alisema kwamba mali ya umma imeharibiwa mkesha wa ziara ya kiongozi, na kwamba neno uzembe huenda halitoshi, huenda hii ni hujuma. Mimi niliitwa kupiga chapa maelezo ya shahidi. Fundi Mkuu alikaa upande wangu, akanitamkia polepole, kwa kuwa aliheshimu mashine yangu kama alivyoheshimu mashine zote. Alisema Masanja alimuuliza. Alisema yeye alimjibu kwamba umeme umekatika. Alisema Masanja hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia, akapanda.

Vidole vyangu vilisimama. Nilimgeukia. Alidhani, au alijifanya kudhani, kwamba nimekosa herufi.

"Andika, Bi Karani," akasema. Akanitajia moja moja. "Ka. Ti. Ka."

Nikaandika. Kikao hakikuniuliza nilisikia nini, nami sikunyoosha mkono. Hilo nalibeba mwenyewe, na kinyaa ninachokisema hapa hakiishii mlangoni kwa Fundi.

Masanja alifukuzwa kazi kwa barua niliyoipiga chapa mimi. Barua ilisema alipuuza maelekezo ya wazi na kwamba asikabidhiwe mtambo wa umma. Alirudi kwao, wakati ambapo watu walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya, naye akapewa kiwanja chake kijijini, nje kidogo ya Bukene.

Miaka minne baadaye, nikiwa nimekwisha acha kazi ile, nilipanda treni ya Mwanza nikashuka Bukene kumwona. Alinipokea kwa mwangaluka, akanikalisha kivulini mwa ukuta, akaniuliza habari za kila mtu yadini kwa jina. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Kijiji kilikuwa kimepata mashine ya kusaga, na hakuna aliyeweza kuiendesha. Unga ulikuwa ukitwangwa kwenye vinu kama zamani huku mashine imefunikwa majani. Masanja alikwenda kwa mwenyekiti kuomba kazi hiyo, akionyesha jinsi mkono mmoja unavyotosha, na mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na nakala ya barua. Alimwambia alete karatasi yenye sahihi ya aliyekuwa shahidi, ikisema vingine, apewe mashine siku hiyohiyo.

"Mkono sidai, dada," Masanja aliniambia. "Mimi niliuliza. Wanasema sikusikia. Nilisikia."

Niliandika karatasi hiyo kwa mistari mitano, nikarudi nayo Tabora, mtaa wa Cheyo.

Fundi Mkuu alikuwa amestaafu. Nyumba yake ilikuwa kama nilivyotarajia. Nyaya zilipita ukutani zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, na kila swichi ilikuwa na kipande cha mpira chini yake sakafuni. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akafurahi kweli. Alimwita mkewe atuletee kahawa na kashata. Alinieleza jinsi wanavyomwita bado, huku na kule, kuwapangia karakana zao. Kulikuwa na mahali fulani wanataka kuweka winchi kubwa kuliko yetu. Alitandika mchoro mezani, akanionyesha chumba cha betri, madirisha, upepo utatokea wapi. Ulikuwa mchoro mzuri. Nilikunywa kahawa yake.

Kisha nikamwekea karatasi juu ya mchoro.

Alivaa miwani. Alisoma mistari mitano kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akarudia. Nilimweleza habari za mashine ya kusaga na maneno ya mwenyekiti. Nilimwambia Meneja alikwisha hamishwa, hayuko Tabora, hakuna wa kumtazama na kuangalia saa. Nilimwambia Masanja hataki kumshitaki mtu.

"Ni kweli yote," akasema. "Umeandika vizuri. Hakuna neno la kubadilisha."

Nilimpa kalamu. Aliichukua, akaifunua, akaijaribu ukingoni mwa gazeti kuona kama wino unatoka. Wino ulitoka. Akaifunika, akanirudishia.

Alisema ametumikia miaka mingi bila doa. Alisema karatasi yenye sahihi haifi, itatembea kutoka kwa mwenyekiti hadi wilayani, na huko kuna watu wanaomwamini na kumkabidhi roho za wapandao ngazi. Wakijua alisema vile mara moja, nani atamwamini tena? Karakana zile zitaandaliwa na watu wasiojua, na watu watakufa. Alilisema hilo kwa upole, kama hesabu iliyokwisha kamilika. Halafu akaniambia ana koti la sufu, bado jipya, nimpelekee Masanja, kwa kuwa Bukene asubuhi kuna baridi.

Nilimuuliza kama koti lina mikono miwili.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikunja karatasi yangu kwa uangalifu, kona kwa kona, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Nasikia siku hizi unaandika vitabu," akasema. "Hili nalo utaliandika."

Nilimwambia nitaliandika.

"Andika. Lakini jina langu usilitaje, mwanangu. Nina wajukuu shuleni."

Nilimwambia sitalitaja. Nilimwambia jina la Masanja nitalitaja, na kwamba nitaandika kuwa aliuliza, akajibiwa, akasikia, akapanda. Alitikisa kichwa kukubali, kama ninavyomkumbuka akikubali kazi ya fundi iliyopimwa na kukutwa sawa. Kisha akanyanyuka kunisindikiza, maana alikuwa mtu wa adabu. Pale mlangoni alinishika kiwiko, akaniambia niangalie kizingiti, sementi imebanduka, nisije nikajikwaa. Nikavuka salama, nikashuka uani kwenye jua, naye akaufunga mlango nyuma yangu.